Karakana ya sanaa ya watoto Milimani, Kisumu: tathmini ya mzazi

Katika mtaa wa Milimani mjini Kisumu, upande wa barabara inayoteremka kuelekea Dunga, kuna karakana ya msanii mmoja ambaye pia ni mwalimu, anayefundisha watoto na watu wazima sanaa za jamii mbalimbali za magharibi mwa Kenya na kwingineko. Karakana haina bango. Wazazi huelekezana kwa mdomo, na mwenyewe ameniomba nisimtaje jina kwa sababu nafasi alizo nazo tayari hazitoshi. Binti yangu wa miaka kumi amesoma hapo muhula mzima, kila Jumamosi asubuhi, nami nimejiunga na darasa la jioni la watu wazima. Kwa hiyo ninayoyaandika ni ya mteja anayelipa, wala si ya mgeni aliyealikwa chai. Ada ya mtoto ni shilingi 900 kwa kipindi cha saa tatu, vifaa vyote vikiwemo isipokuwa gharama za safari.

Ada hiyo si ndogo kwa Kisumu, hasa kwa mwenye watoto wawili au watatu. Hata hivyo ningeilipa tena, na sababu yangu ni moja: mwalimu huyu hufundisha utamaduni wa watu kama ufundi wenye kanuni zake, unaokula muda na kuchafua mikono. Wengi wetu tumezoea siku za utamaduni shuleni, ambapo mtoto huvishwa shuka na shanga asubuhi, akapigwa picha, akala chakula cha jamii fulani mchana, na jioni akarudi nyumbani bila kujua shanga zile zilitungwaje wala kwa nini rangi zilipangwa vile. Karakana ya Milimani imelikwepa jambo hilo karibu katika kila kipindi, isipokuwa pale ambapo haikulikwepa, nami nitafika hapo.

Mwalimu mwenyewe ni mtoto wa jamii mbili. Baba yake ni Mmaragoli wa Vihiga, na mama yake ni Mnubi wa Kibos, katika wale ambao mababu zao waliletwa Kenya kutoka Sudan wakiwa askari wa Waingereza wakabaki. Amekulia Nakuru, akasomea uchoraji chuoni, akafundisha shule ya upili kwa miaka kadhaa kabla ya kufungua karakana. Historia hiyo haisimulii sana darasani. Inaonekana zaidi katika namna anavyowauliza watoto maswali: hamuulizi mtoto yeye ni wa kabila gani, humuuliza ni kitu gani nyumbani kwao kilichotengenezwa kwa mkono na ni nani aliyekitengeneza. Jumamosi inayofuata watoto huja na ungo, kibuyu, kitambaa cha kochi kilichofumwa na shangazi, na mara moja kijana mmoja alikuja na mtego wa samaki wa babu yake, ambao uliwashughulisha darasa zima kwa muda mrefu kuliko somo lililokuwa limepangwa.

Kipindi cha ufinyanzi ndicho kilichonishawishi kabisa. Udongo ulikuwa umeletwa kwa magunia, ukalowekwa na kutolewa mawe na mizizi. Kabla mtoto yeyote hajaruhusiwa kuugusa, alipewa vigae vya chungu kilichovunjika pamoja na jiwe la kupondea. Watoto walilalamika, kwa sababu walikuwa wamekuja kufinyanga, na wazazi wawili watatu tuliokuwa tumesimama mlangoni tulitazamana. Mwalimu hakueleza lolote. Aliwaacha waponde, kisha akawaagiza wafinyange vikombe viwili viwili, kimoja cha udongo mtupu na kingine cha udongo uliochanganywa na unga wa vigae, akaviweka kwenye rafu hadi juma lililofuata. Vikombe vingi vya udongo mtupu vilikuwa vimefanya nyufa, na hapo ndipo alipowaeleza kwamba udongo hunywea unapopoteza maji, kwamba chembe za vigae hazinywei kwa kuwa zimekwisha kupita motoni, na kwamba chembe hizo ndizo zinazouwezesha mvuke kutoka bila kukipasua chombo wakati wa kuchomwa. Sidhani kuna mtoto aliyekuwepo siku ile atakayelisahau somo hilo, na halikuhitaji ubao.

Siku hiyo ya pili alimwalika mfinyanzi mmoja mzee, mama wa Kijaluo anayeishi nje ya mji, ambaye watoto wote walimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo. Yeye ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kuviringisha udongo kuwa kamba, kuzipanga kamba hizo moja juu ya nyingine kwa kuzunguka, na kuzisawazisha kwa kipande cha kibuyu kilicholoweshwa, mpaka ukuta wa chungu ukawa laini nje na ndani pasipo gurudumu la aina yoyote. Urembo ulifanywa kwa ncha ya kamba iliyosokotwa, ikasukumwa taratibu kwa kiganja juu ya udongo mbichi, ikaacha alama za mistari midogo iliyolala upande mmoja. Chungu cha binti yangu kilikuwa kimeanza kupinda ubavuni.

"Dani, nikikosea naanza upya?" aliuliza.

"Usianze upya, nyathina," yaani mwanangu, alijibu Dani. "Lowesha kidole, upitishe hapo, halafu ungoje kidogo."

Dani alieleza pia kwamba yeye hakujifunza kazi hiyo kwao alikozaliwa. Alifundishwa na mama mkwe wake baada ya kuolewa, na ndivyo ilivyokuwa kwa wafinyanzi wengi wa Kijaluo, kwa kuwa kazi hiyo ilifungamana na mahali penye udongo mzuri na mwanamke aliikuta pale alipohamia. Nimeona watu wakisema kwamba utamaduni huja na damu. Habari ya Dani inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya utamaduni hufundishwa mtu mzima, tena na watu ambao si wa ukoo wake, na mwalimu alikuwa na busara ya kumwacha aiseme mwenyewe bila kuongeza hotuba.

Vyungu vilichomwa uwanjani bila tanuri, vikiwa vimefunikwa kwa kuni, nyasi kavu na samadi. Vichache vilitolewa vingali vyekundu kwa moto na kufukiwa katika vumbi la mbao, vikatoka vyeusi tititi, huku vile vilivyobaki kwenye hewa vikiwa na rangi ya matofali. Watoto walidhani kuna rangi iliyopakwa kwa siri. Mwalimu aliwaeleza kuwa udongo ni ule ule, na kwamba tofauti inaletwa na hewa: chuma kilichomo katika udongo huwa chekundu kikipata oksijeni ya kutosha, na kikiikosa, chombo huwa cheusi. Kisha akawaonyesha picha za vyungu vya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, aliyejifunza kufinyanga kwa mkono kwa wanawake wafinyanzi wa Abuja nchini Nigeria wakati alipokuwa akisomea sanaa Uingereza, na ambaye leo kazi zake za rangi hizo mbili zimehifadhiwa katika majumba makubwa ya makumbusho, likiwemo British Museum. Mtoto aliyetoka kupakua chungu chake mwenyewe kutoka kwenye vumbi la mbao humtazama msanii kama huyo kama mwenzake wa kazi.

Somo la ususi lilikuwa la mwalimu mwenyewe, na ndipo asili ya mama yake ilipojitokeza wazi. Wanubi wanajulikana kwa makawa ya kufunikia chakula, yanayoshonwa kwa kuzungusha kutoka katikati kwenda nje kwa nyuzi zilizotiwa rangi kali, mistari na pembe zake zikipangwa kwa hesabu. Alilazimisha kila mtoto achore mpango wa kawa lake kwenye karatasi ya miraba kabla ya kushika sindano, na aliyehesabu vibaya aliona kosa lake likikua duara baada ya duara. Kazi hiyo ilikuwa ndefu kupita kiasi kwa watoto wa miaka saba na minane, ambao nusu yao waliiacha njiani. Wangegawiwa kazi ndogo zaidi.

Kuhusu shanga nitasema kwa kifupi, kwa kuwa mbinu yenyewe ya kutunga watoto wengi wanaijua. Kilichonipendeza ni kwamba mwalimu hakuficha historia ya shanga zenyewe. Aliwaambia kwamba shanga za vioo ambazo leo tunaziona kama alama ya Wamaasai na Wasamburu zililetwa na biashara kutoka Ulaya, hususan Venice na Bohemia, na kwamba ufundi wa kuzipanga, maana za rangi na umbo la mkufu ni vya jamii zilizozinunua. Kijana mmoja aliuliza kama basi shanga hizo ni za Wazungu. Akajibiwa kwa swali: "Unga wa chapati ya mama yako, ngano yake imetoka wapi?" Darasa likacheka, na somo likaendelea.

Leso ilipewa vipindi viwili, na kwa maoni yangu ilistahili hata vitatu. Kila mtoto alipaswa kubuni leso kamili yenye pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yanayoandikwa chini ya mji. Mwalimu alitandika leso za zamani mezani na kuwafanya watoto wapime kwa rula upana wa pindo, kwa sababu watoto wengi walikuwa wamechora pindo jembamba kama uzi na leso zao zikawa zinafanana na pazia. Baada ya hapo wakachonga mihuri kwa viazi na vipande vya mpira wa ndala kuukuu, wakapiga chapa kwenye vitambaa vya kaniki na marekani. Ugumu mkubwa haukuwa kwenye mihuri bali kwenye majina. Leso husema bila kutaja, humlenga mtu bila kumwita, na mtoto aliyezoea kuandika insha hujikuta ameandika tangazo. Wa kwangu alianza na "Tupendane sote", ambayo mwalimu aliikubali kwa adabu na kumwomba ajaribu tena. Akamaliza na "Usinione kimya, nachora". Leso hiyo sasa imetundikwa sebuleni, na nadhani najua inamlenga nani.

Kipindi cha rangoli, yaani mapambo ya Kihindi yanayochorwa sakafuni kwa unga wa rangi, kilikuwa chepesi na cha furaha, kikafanyika karibu na sikukuu ya Diwali. Mama mmoja wa Kihindi, ambaye familia yake imekaa Kisumu vizazi kadhaa, aliwaonyesha watoto namna ya kupanga vitone sakafuni kwa vipimo sawa, kuviunganisha kwa mistari, na kudondosha unga wa rangi kati ya kidole gumba na cha shahada bila kuumwaga. Mwalimu alikumbusha tu kwamba reli ilipofika hapa mwaka 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa miongoni mwa waliojenga maduka yake ya mwanzo. Hakuenda mbali zaidi ya hapo, na sikuona kwamba ilihitajika.

Somo la rangi za udongo ndilo linalofuata ufinyanzi kwa ubora. Watoto walikusanya udongo mwekundu na mweupe, wakausaga, wakauchuja kwa kitambaa chepesi, wakachanganya na kiini cha yai, na kuchora kwenye mawe bapa. Michoro waliyoiga ni ile ya miamba ya kisiwa cha Mfangano, huko Mawanga na Kwitone, yenye miduara ndani ya miduara kwa rangi nyekundu na nyeupe, ambayo inahusishwa na Watwa, wawindaji waliokaa huko kabla ya jamii za sasa. Mwalimu alisisitiza kwamba wekundu wa udongo unatokana na chuma, na ndiyo maana haupauki juani kama rangi nyingi za dukani. Safari ya kwenda kuiona michoro yenyewe hulipiwa kando. Ilikuwa nzuri na ilichosha mno: barabara hadi Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, mashua hadi kisiwani, kupanda kilima juani, kisha kurudi siku hiyo hiyo. Watoto wadogo walilala ndani ya basi na mama mmoja alitapika kwenye mashua. Safari ya namna hiyo inahitaji kulala Mbita usiku mmoja, hata kama bei itapanda. Mzazi mwenye mtoto mdogo na aanze na Makumbusho ya Kisumu, ambako kuna boma la Kijaluo lililojengwa kwa mtindo wa asili, na ambako mtoto anaweza kuchora kutwa bila kupanda chombo chochote cha majini.

Sasa niseme yale ambayo hayakuniridhisha. La kwanza ni vumbi. Katika kipindi cha kuchonga jiwe la sabuni kutoka Tabaka, kaunti ya Kisii, watoto kumi na wanane walikuwa wakikwangua kwa tupa na msasa ndani ya chumba chenye madirisha mawili, bila barakoa hata moja. Jiwe hilo ni laini na linamfurahisha mtoto kwa sababu linatii kisu, lakini vumbi lake halifai kwa mapafu, na wachongaji wenyewe hulilowesha ili kulipunguza. Nilimwita mwalimu kando nikamweleza. Alikubali, na juma lililofuata kazi ilihamia nje, chini ya mwembe, kila mtoto akiwa na beseni lake la maji. Nampa sifa kwa kusikiliza, lakini jambo hilo lilipaswa kufikiriwa kabla ya watoto kufika.

La pili ni siku yenyewe. Karakana inayojivunia kukaribisha jamii zote imeweka madarasa yake ya watoto Jumamosi asubuhi, katika eneo ambalo Waadventista wa Sabato ni wengi, kuanzia Kisii hadi Nyanza Kusini na hapa hapa Kisumu. Jirani yangu Msabato angependa binti yake asome hapo, na hawezi. Mtu aweza kuwafundisha watoto ususi wa Kinubi, ushanga wa Kimaasai na rangoli, na bado akamfungia mlango mtoto wa jirani kwa kalenda tu. Nimelisema hili kwa mwalimu mara kadhaa na sasa kumefunguliwa kipindi cha Jumapili alasiri, ingawa kina nafasi chache na hakina ufinyanzi.

La tatu ni maonyesho ya mwisho wa muhula. Hapa ndipo karakana ilipoteleza na kufanya yale yale ya shuleni. Watoto walivishwa mavazi ya jamii wasizozijua, wakapita mbele ya wazazi kwa mstari, huku kazi zao za miezi mitatu zikiwa zimepangwa pembeni kwenye meza zisizo na maelezo. Kulikuwa na ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, na ilipigwa vizuri sana. Cha kusikitisha ni kwamba wakati wa muhula watoto walikuwa wameitumia ngoma hiyo hiyo katika zoezi zuri kabisa, wakichora mistari kwa makaa kufuata mdundo wa ngoma kubwa, ya wastani na ndogo, kila moja kwa unene wake. Michoro hiyo ilikuwa imekunjwa kabatini. Ingetundikwa nyuma ya wapiga ngoma, wazazi wangeelewa kwa nini walilipa shilingi 900, na mavazi yangebaki sandukuni.

Wazazi wengine wameniuliza kama kuna haja ya kulipa ilhali mtaala wa umilisi unaofundishwa shuleni una somo la sanaa. Jibu langu linategemea shule. Mahali ambapo mwalimu ana watoto sitini na mzazi hununua vifaa usiku wa kuamkia siku ya kazi, karakana hii inampa mtoto kile ambacho mtaala ulikusudia. Pale penye mwalimu mzuri wa sanaa, huenda vipindi vichache vya ufinyanzi vikatosha. Na wasio na uwezo wa ada wajue kwamba kuna nafasi za nusu bei, ambazo mwalimu hazitangazi lakini hutoa akiombwa, hasa kwa watoto wa mitaa ya Nyalenda na Manyatta.

Darasa la watu wazima, Jumatano jioni, ni la utulivu zaidi na ada yake ni shilingi 1,200. Tulianza kwa kubandika picha za vipande vya karatasi kwa kumfuata Rosemary Karuga, mwalimu wa shule aliyesomea sanaa Makerere miaka ya 1950 na ambaye, alipostaafu na kurudi kwenye sanaa, alitengeneza kazi zake kwa pakiti za unga na karatasi za sabuni kwa kuwa ndizo zilizokuwapo nyumbani. Mwalimu haruhusu mtu kununua karatasi za rangi kwa zoezi hilo. Anayetaka kujiunga apige simu kabla ya mwezi kuanza, alipe kwa M-Pesa, aje na nguo kuukuu, na aanze mapema kuweka pakiti za unga, kwa sababu nyekundu ya kutosha haipatikani kwa pakiti moja.